Mchimba Matuta wa Ukambani Anamdai Nani?

Mgeni anayefika Malindi wakati mvua zimekolea bara hushangaa kuona bahari aliyosimuliwa kuwa ya buluu imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Wenyeji hawashangai. Wao wanajua kwamba Mto Sabaki, unaomwaga maji yake kaskazini kidogo mwa mji huo, umeshuka na shehena yake ya kila mwaka. Shehena yenyewe ni udongo. Na aghalabu ni ule udongo wa juu, wenye rutuba, ambao mkulima fulani mahali fulani aliutegemea umpe mahindi na kunde, ukamponyoka usiku mmoja wa mvua.

Tuufuate mto huo kinyumenyume. Kabla ya kuitwa Sabaki uliitwa Galana, na jina hilo uliupata pale Athi na Tsavo inapokutana ndani ya Mbuga ya Tsavo Mashariki. Athi nao unatoka mbali. Unaanzia nyanda za juu za Ngong na Kikuyu, unapokea maji ya Nairobi pamoja na uchafu wake, unaporomoka miambani karibu na Kilimambogo, kisha unaambaa na uwanda wa Yatta ukikusanya vijito vya vilima vya Machakos, Mbooni na Kilungu. Vingi vya vijito hivyo ni vya msimu: leo ni njia ya mchanga wanapopita mbuzi, kesho ni gharika inayoweza kuchukua lori. Basi huu ni mto mmoja wenye majina matatu, na watu wanaoishi kandokando yake hawajuani. Mvuvi wa Malindi hajawahi kukutana na mama anayelima mtelemkoni Mbooni. Hata hivyo, kila mwaka wanapelekeana kitu.

Swali la lini udongo huu ulianza kushuka kwa wingi si la kubahatisha. Matumbawe ya baharini hukua tabaka juu ya tabaka, kama vile mti unavyojiongezea duara ndani ya shina, na kila tabaka huhifadhi dalili za maji yaliyokuwapo mwaka ule. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa tumbawe moja la Malindi lenye kumbukumbu ya miaka 300 hivi. Walipima kiasi cha bariamu, madini ambayo husafiri pamoja na udongo wa mtoni na kunaswa katika mifupa ya tumbawe. Kwa karne mbili za mwanzo hali ilikuwa tulivu. Mwanzoni mwa karne ya 20 kiwango kikaanza kupanda, na katika miaka ya 1970 kikafika juu kabisa.

Ni nini basi kilichotokea mwanzoni mwa karne ya 20? Mwanafunzi yeyote wa historia anaweza kujibu. Reli ilikuwa imekwisha kupita. Walowezi walikuja na kugawiwa ardhi. Wakamba, waliokuwa na desturi ya kuhamisha mifugo kufuata malisho, waliwekewa mipaka. Vilima vya Mua vikawa mashamba ya wazungu, na malisho ya Yatta yakafungwa kuwa mali ya serikali. Watu na mifugo wakabanwa mahali pamoja, ardhi haikupata tena nafasi ya kupumzika, na mvua ikafanya kazi yake. Nalieleza hili kwa sababu vitabu vingi vya shule bado huorodhesha chanzo cha mmomonyoko wa udongo kuwa ni "watu wengi mno" na "mifugo wengi mno", na kuishia hapo, kana kwamba watu hao waliamka siku moja wakaamua kusongamana.

Serikali ya mkoloni nayo iliishia hapo. Katika miaka ya 1930 maofisa wake waliitazama Machakos wakaona jangwa linalokuja, na dawa waliyoamua ni kuwapunguzia Wakamba ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 maelfu ya watu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi wakapiga kambi, wakakataa kuondoka mpaka Gavana awasikilize. Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini ule upunguzaji wa lazima ulisimamishwa. Ikafuata miaka ya kuchimbishwa mitaro kwa amri. Machifu walihesabu vichwa, na asiyefika alitozwa faini. Si ajabu kwamba uhuru ulipokaribia, watu wengi waliacha mitaro ile ibomoke. Kwao jembe la kuhifadhi udongo lilikuwa jembe la mkoloni.

Hapa ndipo hadithi ya Machakos inapogeuka, na ingefaa kufundishwa katika kila shule ya nchi hii. Miaka michache baada ya kuiacha mitaro ya amri, wakulima wale wale walirudi kuchimba, mara hii bila ya kusukumwa na mtu. Tena hawakuirudia ile mitaro myembamba waliyolazimishwa. Walichagua aina iliyo ngumu zaidi kuchimba na inayodumu zaidi, nayo ndiyo iitwayo "fanya juu".

Jina lenyewe linaeleza kazi. Mkulima huchimba mtaro kuufuata mstari wa kontua, yaani kukingama mtelemko. Udongo anaouchimbua anaurusha upande wa juu wa mtaro, si wa chini. Kurusha udongo juu ya kilima ni kazi ya kuvunja mgongo, na ndiyo maana wavivu hupendelea "fanya chini". Lakini anayerusha juu huinua tuta, na kila mvua inyeshapo udongo unaotelemka hukwama nyuma ya tuta hilo. Mwaka hata mwaka shamba hujisawazisha lenyewe, mpaka kilima kinakuwa ngazi. Juu ya tuta hupandwa mabingobingo, au nepia kama wengi tulivyozoea kuyaita, ili mizizi ishike udongo na ng'ombe apate chakula. Ndani ya mtaro, palipo na unyevu, hupandwa migomba au mipapai. (Wale wanaodai kwamba Kiswahili hakina nafasi katika sayansi watafute vitabu vya hifadhi ya udongo vilivyoandikwa kwa Kiingereza, hata vinavyohusu Ethiopia. Humo watakuta maneno haya mawili, fanya juu, yameandikwa vivyo hivyo bila ya kutafsiriwa.)

Kazi hiyo haikufanywa na mtu mmoja mmoja. Ilifanywa na mwethya, vikundi vya kusaidiana ambavyo Wakamba walikuwa navyo tangu zamani, na ambavyo katika kipindi hiki vilikuwa hasa vya wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa Nairobi au Mombasa wakitafuta mshahara. Leo wanachimba kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Serikali ilikuja baadaye kuongeza nguvu. Mpango wa hifadhi ya udongo uliosaidiwa na Sweden ulianza mwaka 1974, na waliokuwa shuleni miaka ya 1980 hawajasahau picha za Rais Daniel arap Moi akipanga mawe ya gabioni pamoja na mawaziri waliovalia suti. Lakini ukweli ni kwamba gabioni za viongozi ni chache mno zikilinganishwa na matuta ya akina mama.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichotikisa wataalamu wengi. Walionyesha kwamba watu wa wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumlisha Makueni ya leo, waliongezeka kutoka 240,000 hivi mwaka 1932 hadi milioni 1.4 mwaka 1989. Kwa hesabu ya wale maofisa wa miaka ya 1930, nchi hiyo ingekuwa imekufa kitambo. Badala yake mmomonyoko ulipungua, miti mashambani ikaongezeka, na thamani ya mazao kwa kila mtu ikapanda karibu mara tatu.

Wapo waliokikosoa kitabu hicho, na baadhi ya hoja zao zina uzito. Fedha nyingi zilizojenga matuta zilitoka kwenye mishahara ya Nairobi, na familia isiyokuwa na mtu mjini ilibaki nyuma. Kahawa, ambayo Waafrika waliruhusiwa kuipanda kwa wingi baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, ilipata bei nzuri katika miaka ya 1970, hasa baridi kali ilipoiharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975. Si kila wilaya iko jirani na mji mkuu, na bei ya kahawa haipandi kila mwaka. Hata hivyo naona kwamba wakosoaji hao, pasipo kukusudia, wanaithibitisha hoja iliyo kubwa zaidi: mkulima hutunza ardhi anapokuwa na hakika kwamba ni yake, kwamba mazao yana soko, na kwamba ana senti za kununulia jembe. Kiboko kilishindwa kufanya kazi hiyo.

Sasa tuitazame faida ya tuta moja. Milimita moja ya mvua juu ya hektari moja ni lita 10,000 za maji. Mvua ya milimita 50 kwa jioni moja, ambayo si ya ajabu wakati wa vuli, humwaga lita 500,000 juu ya hektari hiyo. Kwenye mtelemko uliolimwa bila kinga, sehemu kubwa ya maji hayo hukimbia, yakizoa udongo, mbolea na mbegu. Kwenye shamba la ngazi maji husimama, huzama, na mahindi huyanywa kwa majuma kadhaa. Yanayosalia huendelea kuzama polepole hadi yanapotokeza bondeni kama chemchemi, wakati ambapo jua limekwisha kukausha kila kitu. Hivyo mwenye shamba amepata mahindi, jirani wa bondeni amepata kisima, na barabara ya chini haikukatwa na korongo. Bwawa lililo mbali zaidi halikujaa tope. Mvuvi wa Malindi, asiyemjua hata mmoja wao, ameachiwa bahari safi kidogo.

Faida za namna hii wataalamu wanaziita huduma za ikolojia, yaani kazi ambazo udongo, mimea, maji na viumbe vingine vinatufanyia bila ya kutuletea bili. Tathmini kubwa ya dunia iliyoitishwa na Kofi Annan mwaka 2000 na kuchapishwa mwaka 2005 ilichunguza huduma 24 za aina hiyo, ikakuta 15 kati yake zinadhoofishwa au kutumiwa kupita kiasi. Sababu yake si siri. Kitu kisicho na bei hakina mlinzi. Mkulima anapouza gunia la mahindi hulipwa mahindi. Hakuna anayemlipa kwa udongo ambao haukushuka.

Wala hasara ya udongo ulioshuka si ya kufikirika. Huko Malindi mchanga na tope la Sabaki vimelundikana hata ufuo ukasogea mbele, na majengo yaliyojengwa ukingoni mwa maji yakajikuta mbali nayo. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968 na kuwa miongoni mwa za kwanza barani Afrika, inayalinda matumbawe ambayo huhitaji mwanga wa jua ili kuishi. Mlinzi anaweza kumkamata mvuvi mwenye nyavu haramu. Hawezi kulikamata tope. Bwawa la Masinga kwenye Mto Tana, lililokamilika mwaka 1981, limepokea udongo mwingi kupita makadirio ya wahandisi walioliandaa, na kila tani ya tope humo ni nafasi ya maji iliyopotea, pamoja na umeme ambao maji hayo yangezalisha. Na sasa fikiria bwawa la Thwake huko Makueni, ambalo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2018 na ambalo limekusudiwa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo 680 milioni. Limewekwa pale Mto Thwake unapoingia Athi, chini kabisa ya vilima tulivyovitaja. Mabilioni ya shilingi yametiwa katika zege. Umri wa bwawa hilo, lakini, utaamuliwa na matuta ya watu wasioonekana kwenye ramani za mhandisi.

Matuta hayo hayajitunzi. Kila baada ya mvua kubwa kuna mahali palipobomoka, na pasipozibwa mapema maji hupata mlango, kisha korongo. Mashamba yamegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi yakawa vipande, vijana wako mjini wanaendesha bodaboda, na akina mama waliochimba katika miaka ya 1970 sasa ni nyanya. Mwenye ekari moja anayehesabu faida ya kukarabati mtaro wake anaona kwamba jasho ni lake na sehemu kubwa ya faida ni ya wengine. Hesabu yake ni sahihi. Hatuna haki ya kumwita mjinga.

Kuna pia suala la mchanga, ambalo linanikera zaidi. Mito ya msimu ya Ukambani huhifadhi maji ndani ya mchanga wake. Ndiyo maana wanakijiji hujenga ukuta wa zege kukingama mto, mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji yakajificha humo yasiweze kunyweka na jua. Malori ya kutoka mjini huja kuuzoa mchanga huo kwa ajili ya maghorofa ya Nairobi. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kudhibiti biashara hiyo mwaka 2015, na inastahili pongezi. Hata hivyo, angalia mkasa ulivyo: mji unaokunywa maji ya milima ya wengine, na kumwaga uchafu wake katika Mto Athi, ndio huo huo unaokuja kuchukua na mchanga.

Naamini kwamba wakati umefika wa wanaofaidika kulipa. Hili si wazo la ndotoni, kwani limejaribiwa hapa hapa nchini. Katika bonde la Ziwa Naivasha, watumiaji wa maji walioko karibu na ziwa, wakiwemo wakuzaji wa maua, wamewahi kuwapa wakulima wadogo wa nyanda za juu vocha za kununulia pembejeo, kwa masharti kwamba wapande kanda za majani na miti na waache kulima hadi ukingoni mwa mto. Mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ukiyashirikisha makampuni ya maji, umeme na vinywaji. Hesabu iliyofanywa kabla ya kuzinduliwa ilionyesha kwamba dola milioni 10 zikitumiwa kuhifadhi mashamba ya juu zingeleta faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30. Kwa mfanyabiashara yeyote hiyo ni biashara nzuri. Ikiwa Naivasha na Tana zimeweza, kwa nini wa Athi wanaohifadhi udongo waendelee kuambiwa asante kwa maneno matupu?

Najua pingamizi litakalotolewa. Wengine watauliza: kwani mtu alipwe kwa kutunza shamba lake mwenyewe? Je, Katiba ya 2010, katika kifungu cha 60, haisemi kwamba ardhi itumiwe kwa njia endelevu? Naam, inasema. Lakini kifungu hicho kinataka vilevile ardhi itumiwe kwa haki, na sioni haki ambapo mkulima wa ekari moja anagharimia usafi wa maji yanayouzwa kwa mita. Chanda chema huvikwa pete. Tukitaka sheria peke yake ifanye kazi, tukumbuke kwamba ilijaribiwa kwa miaka mingi chini ya mkoloni, ikazaa matuta yaliyobomolewa kwa furaha.

Walimu wana nafasi yao katika jambo hili, na haihitaji bajeti. Mvua inaponyesha, wanafunzi watwae chupa mbili zilizo safi, moja ijazwe maji yanayotiririka kutoka shamba lenye matuta, nyingine kutoka shamba lisilo nayo. Chupa ziachwe dirishani usiku kucha. Asubuhi tope litakuwa limetuama, na rula itatosha kulipima. Darasa linalofanya hivyo kwa misimu miwili litakuwa na takwimu za kijiji chake, kitu ambacho ofisi nyingi za kilimo hazina.

Limebaki jambo moja ambalo mifuko hii ya malipo imezoea kulipita kimya. Fedha zikija, zitapewa nani? Utaratibu wa kawaida ni kumtafuta mwenye hatimiliki, na hatimiliki nyingi Ukambani, kama kwingineko Kenya, zina jina la mume, au la babu aliyekwisha kufariki. Waliorusha udongo juu ya kilima ni wengine. Kwa hiyo mpango wowote wa Athi uanze na daftari la vikundi vya mwethya, kijiji kwa kijiji, lenye majina ya wanaochimba na urefu wa mitaro wanayoitunza, na malipo yafuate daftari hilo. Maofisa watalalamika kwamba ni kazi nyingi. Ni kweli, ni kazi nyingi. Ila vikundi vyenyewe huweka hesabu ya siku za kila mwanachama, maana asiyefika leo kwa mwenzake hachimbiwi kesho, na ofisa atakayewaomba hesabu hiyo atakuta wameitunza vizuri kuliko anavyodhani.